Mtungi wa Yalin na Siku Arobaini

Jumapili, 3 Aprili 2022

Siku ya tatu ya kufungiwa ndani, Shanghai, kwa sababu ya korona. Walisema siku nne tu. Mimi nilisema mapema kwamba ni uongo. Hakuna aliyenisikiliza. Familia hii ina desturi ya kupuuza vipaji.

Hali ilivyo: vyumba viwili, watu watano. Baba, Mama, dada yangu Yalin, mimi, na Jiacheng mchumba wa Yalin. Huyu shemeji alikuja Alhamisi kula chakula cha jioni, lango la mtaa likafungwa kabla hajamaliza kutafuna. Sasa analala kitandani kwangu. Kavaa pajama zangu. Mimi nimehamishiwa roshani, kati ya mashine ya kufulia na tangi langu la samaki. Mama anasema mgeni ni mgeni. Asubuhi mgeni kapewa yai. Mimi nimepewa maganda nikayatupe.

Baba kabakiwa na chupa moja ya mvinyo wa mchele. Kila jioni hunywa bakuli moja, la moto, na kipande cha tangawizi, tangu sijazaliwa. Anasema ni dawa ya tumbo. Tumbo lake halijawahi kuumwa, kwa hiyo dawa inafanya kazi.

Jumanne, 5 Aprili

Siku ya kusafisha makaburi, na hakuna ruhusa ya kwenda kaburini. Mama kaweka picha ya Babu mezani, udi, madonge ya kijani ya unga wa mchele na bakuli la mvinyo. Lilikuwa bakuli la mwisho nyumbani. Baba alilitazama kama paka anayetazama samaki wa jirani. Udi ulipozimika tu akatangaza kwamba Babu ameshatosheka, akalimaliza yeye.

Babu ndiye aliyetuachia mitungi. Yeye alikuwa mtu wa Shaoxing, mji wa mvinyo, na kwao mtoto akizaliwa ananunuliwa mtungi wa mvinyo, mdomo unafunikwa kwa majani, unazibwa kwa udongo, na haufunguliwi mpaka siku yake kubwa. Wa Yalin ni wa harusi, tarehe moja Mei. Umekaa miaka ishirini na sita. Wangu ni wa siku nitakapofaulu mtihani mkubwa. Niliacha chuo cha ufundi wa majokofu mwaka wa pili, lakini mtungi hauna haraka, na mimi sina.

Yote miwili iko roshani. Yaani chumbani kwangu. Sikupanga mimi!

Alhamisi, 7 Aprili

Siku ya pili Baba hajapata bakuli. Kagombana na sufuria ya umeme. Kamwambia shemeji anapumua kwa kelele. Kamuuliza Mama kwa nini ukuta uko pale ulipo.

Nikaona huruma. Nikaona pia bisibisi, na mpira wa kubadilishia maji ya samaki.

Kazi ilikuwa safi. Tundu dogo kwenye udongo wa mtungi wa Yalin, mpira ndani, nyonya kidogo, mvinyo ukashuka wenyewe mpaka kwenye chupa. Kilichopungua nikakijaza kwa chai baridi, na matone ya sosi ya soya kuweka rangi. Tundu nikaliziba kwa udongo wa kopo la vitunguu vya majani la Mama. Fundi majokofu mzima asingeweza. Nusu fundi kaweza.

Mtungi wangu sikuugusa. Mtu mkubwa hajiibii.

Nikamwambia Baba mvinyo katuletea Mzee Gu wa ghorofa ya tatu, aliye juu yetu. Baba akanywa, akafumba macho. Akasema ladha hii anaijua, kama mtu uliyekutana naye ukasahau jina lake.

Wahenga wanasema za mwizi ni arobaini. Leo ni ya kwanza. Harusi itakuwa siku ya ishirini na tano. Hesabu inaniruhusu kabisa.

Jumatatu, 11 Aprili

Baba kafungua dirisha, katoa kichwa nje, kampigia Mzee Gu kelele za shukrani mbele ya jengo zima. Nilikuwa sijamwonya mzee! Nikashika ukuta.

Mzee Gu hakupepesa macho. Akajibu kutoka juu: kunywa ndugu yangu, kunywa, kwangu mimi haupungui! Akaongeza kwamba mwenye moyo hahesabu bakuli.

Dakika tano baadaye kamba ikashuka roshani kwangu na ndoo tupu. Ndani karatasi: we mtoto, shukrani zimenikausha koo. Nikamtilia chupa. Ndoo ikapanda. Ikashuka tena na bata mkavu mzima.

Mama kamtazama bata, kanitazama mimi. Kasema kumbe nina akili, ila naificha. Jioni nimepewa yai. Shemeji alikuwa analiangalia. Nimelila polepole.

Jumamosi, 16 Aprili

Siku ya kumi. Baba sasa anakunywa mabakuli mawili na anaimba opera. Mzee Gu kashachukua chupa tatu. Nimepata bata, makopo manne ya soda na sabuni. Hakuna kijana mwingine katika jengo hili anayelisha familia kwa mpira wa samaki.

Kisha Yalin kaharibu. Kasema harusi haiahirishwi. Hoteli imefungwa sawa, lakini bwana harusi tayari yumo ndani na hawezi kukimbia, nafasi kama hii haiji mara mbili. Saa sita mchana tarehe moja Mei, hapahapa sebuleni, ndugu wote kwenye simu. Mtungi utafunguliwa wote waone.

Baba akapiga makofi. Mimi nikapiga pia, nimechelewa.

Baadaye kaja roshani, kaugonga mtungi wake kwa vidole. Kasema alipokuwa mdogo Babu alikuwa akimwinamisha asikilize, anamwambia: hiyo ni sauti yako ukiwa mkubwa. Akainamisha sikio. Akauliza kama mimi nasikia kitu.

Nikasema samaki wana njaa, nikaenda kuwalisha.

Ijumaa, 22 Aprili

Mtungi una lita kumi. Kwa hesabu yangu, tisa ni chai.

Mvinyo hauingii langoni. Walinzi wanasema si hitaji la lazima, mpuuzi gani aliandika hilo sijui. Lakini mimi nimegundua njia! Mvinyo wa kupikia unapita, kwa sababu ni kiungo cha jikoni. Mchele uleule, rangi ileile, mji uleule kwenye kibandiko. Watu wote wa Shanghai hawajaliona hili. Nimeliona mimi.

Ila gari haliji kwa mteja mmoja. Ni lazima jengo liagize pamoja. Hapo shemeji ndiye anayejifanya mfalme, yeye ni kiongozi wa manunuzi ya mayai, ana jedwali lenye rangi tatu. Mimi nikajitangaza kiongozi wa mvinyo wa kupikia kwenye kundi la simu la jengo, bila jedwali. Nikawaandikia: samaki wenu wananuka mpaka huku, nunueni. Wakatukana, wakanunua. Chupa sitini. Kumi zangu.

Zimefika leo. Shemeji kachukua moja, kaigeuza nyuma, kasogeza miwani, kasema Guang, hapa wameandika kwamba wame... Nikamkatiza. Nikamwambia shemeji, duniani kuna wanaosoma na wanaoonja. Akaniuliza kama nimeonja. Nikamwambia mtaalamu huonja kwa macho.

Jumatano, 27 Aprili

Siku ya ishirini na moja. Leo wale wa mavazi meupe waliita jengo zima chini kupimwa koo. Nikajipenyeza mbele kwenye foleni, nikafungua kinywa, wakachokonoa, nikapanda ngazi mbiombio. Nilikuwa na dakika ishirini peke yangu. Chai nikaimwaga, chupa zangu zote kumi nikazitia ndani. Nikaziba.

Kidogo nizirai: juu ya udongo wa mtungi palikuwa pameota kitunguu! Mzizi ulikuwa umejificha kwenye udongo wa kopo la Mama. Nimeking'oa, nikakila. Ushahidi mtamu.

Nimelala mchana kama mtu asiye na dhambi. Sina.

Jumapili, 1 Mei

Harusi.

Sebule imepambwa kwa karatasi nyekundu za vibahasha vya mwaka mpya. Yalin kavaa gauni jekundu la Mama, limefungwa pini mgongoni. Shemeji kavaa koti la Baba, na chini suruali ya pajama yangu, maana simu inaonyesha juu tu. Kwenye simu shangazi, wajomba, wazazi wa shemeji, nyuso arobaini zinabanana.

Baba kaleta mtungi mezani. Mama akasogea karibu. Juu ya udongo kulikuwa na kitunguu kingine, kirefu kama kidole. Kumbe mizizi ilikuwa miwili!

Nikasema kwa sauti kuu: baraka! Mtungi wa Babu umeota! Kwenye simu shangazi mmoja akaanza kulia kwa furaha, wengine wakapiga makofi. Nani mwingine angeokoa hali ile? Nani?

Baba akavunja udongo kwa nyundo, akafunua majani, akapasha mvinyo, akajaza bakuli la kwanza. Bwana harusi ndiye anayeanza, anaomba ruhusa ya baba mkwe kwa mabakuli matatu. Shemeji akainama, akanywa. Shingo yake ikafanya kitu. Uso haukufanya kitu. Akanywa la pili. Akanywa la tatu. Akasema, Baba, ni mvinyo usiosahaulika.

Halafu Baba akanywa.

Mvinyo wa kupikia unatiwa chumvi. Ndiyo iliyoandikwa nyuma ya chupa. Wanatia ili watu wasiunywe. Mambo kama haya yangeandikwa mbele!

Baba alimeza kwa sababu ndugu arobaini walikuwa wanamtazama. Machozi yakamtoka, shangazi wakalia naye. Mama akaonja, akatabasamu kwenye simu, akasema mtandao mbaya, akailaza simu kifudifudi.

 Kisha Mama akauliza: Guang?

Jamani, mbona hajauliza mwingine? Watu watano ndani! Nikaeleza. Nilianza na huruma kwa Baba, nikaweka mpira katikati, chumvi nikaiacha mwisho. Baba akauliza, yaani mvinyo wa Mzee Gu... Nikasema ndiyo. Akauliza, yaani jioni zote zile... Nikasema ndiyo Baba, na mabakuli mawili. Akakaa chini. Kamnywa bintiye miaka ishirini na sita, na kaiimbia opera.

 Yalin alishika majani ya mtungi tu, anayakunja. Afadhali angenipiga.

Mama akasema sawa, ufunguliwe wa Guang. Mvinyo wa Babu ni wa Babu.

Baba akaruka. Hapana, hapana, ule ni wa mtihani wa mtoto, ni mkosi. Mama akasema mtihani gani? Akachukua nyundo mwenyewe.

Ndani, chai. Chai safi, haina hata soya.

Mama akamgeukia Baba taratibu sana. Baba akatazama slipa zake. Akasema alianza jioni ile niliyorudi na begi langu kutoka chuoni. Akasema aliona hakuna atakayekuja kuuliza.

Nikatoka roshani, nikawalisha samaki. Palikuwa na upepo. Kisha nikarudi, nikamuuliza alitumia mpira gani.

Akasema mrija wa soda. Wa soda! Miezi yote ile, mzee wa watu, kwa mrija.

Hapo ndipo kamba ikagonga dirisha. Mzee Gu alikuwa amefuatilia harusi yote kichwa nje. Ndoo ilikuwa na chupa moja, ya tatu, haijanywewa, na karatasi: hii niliinusa nikajua si ya kunywewa na mzee mjane peke yake, nilikuwa naitunza mpaka mtakapokumbuka kunialika. Akapiga kelele kutoka juu, bibi harusi ajitokeze nimwone, la sivyo navuta kamba!

Yalin akatoka roshani na gauni lake la pini. Mzee Gu akasema mzuri, mzuri, bwana harusi ana bahati, pole kwa shemeji yake. Tukainua simu. Kila mtu akapata kikombe kimoja kidogo. Yalin kashika chake kwa mikono miwili, kakiweka kwanza sikioni, ndipo akanywa.

Ulikuwa mtamu kweli. Nimeuonja mara nyingi, lakini leo zaidi.

Malalamiko: ni siku ya ishirini na tano tu! Wahenga wakaguliwe.

Jumamosi, 4 Juni

Jumatano lango lilifunguliwa. Shemeji karudi kwao, kamchukua Yalin na pajama zangu.

Leo Baba kaleta mtungi mpya kutoka Shaoxing, kwa ajili ya mjukuu ambaye hata hajatungwa mimba. Shemeji na Yalin wamekuja kula, Mama kaukabidhi kwa shemeji mbele yetu sote. Shemeji kaufunga kwa utepe wa plastiki tabaka sita, kaandika tarehe, kaweka sahihi kila upande, kaupiga picha. Nyumba yao haina nafasi, kwa hiyo umewekwa roshani. Mama katutazama mimi na Baba, mmoja baada ya mwingine, kasema mvinyo huu utakaa miaka ishirini na sita.

Miaka ishirini na sita! Nani atakumbuka ulivyokuwa umejaa?

Saa tisa, Mama kaenda sokoni. Baba kaja roshani, kasimama karibu na tangi, kasema samaki wamenenepa. Nikakubali wamenenepa. Akautazama utepe. Akauliza, kwa mawazo tu, kama gundi ya namna hii inalegea kwa mvuke wa birika.

Nikamwambia Baba, birika linafuta wino. Kifaa cha kukaushia nywele ndicho chenyewe.

Akasema hukwenda chuo bure. Kaenda kukichukua. Mimi naosha mpira.

Leo Jumamosi. Siku ya kwanza. Tunazo arobaini nzima.