Malalamiko Juu ya Mchungaji Anayefundisha Watu Kazi Yake

Kwa Baba Askofu,
Ofisi ya juu, mlango wenye zulia.

YAH: MCHUNGAJI WETU KUGAWA KAZI ZA KANISA KAMA PIPI

Baba Askofu,

Bwana asifiwe. Nakuita baba kwa sababu ya cheo, maana kwa umri ningeweza kukuogesha. Mimi ni yule bibi uliyemkuta mlangoni ulipotutembelea, nikakuambia kola yako imekunjika, ukashukuru. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza, kwa hiyo ukikuta herufi imelala usiiamshe, soma upite.

Nakuomba kwa heshima zote umhamishe mchungaji wetu. Si mlevi. Si mwizi. Mkewe hana neno na mtu. Kosa lake ni kwamba tangu mwaka huu uanze anawafundisha watu kufanya kazi ya Mungu, na watu wamejua.

Kila Alhamisi alasiri anawakusanya kwenye chumba cha nyuma ya kanisa, kile chenye viti vya mguu mbovu, anawafunza kutembelea wagonjwa, kufariji wafiwa, kupokea wageni na hata kuhubiri. Kundi la kwanza wamehitimu kumi na wawili. Wamevikwa kadi shingoni, imeandikwa MHUDUMU, kama vile tusingewajua.

Katibu wa baraza la wazee ameniambia barua isiyo na namba ofisini kwako inafutiwa meza. Basi naweka namba.

1. Nilipokuwa msichana mchungaji alikuwa mmoja. Alihubiri, alibatiza, alizika, aligonga kengele, akipata nafasi alifagia. Siku moja akaanguka kwa uchovu, tukamwombea, akainuka akaendelea. Kila mtu aliridhika na utaratibu ule isipokuwa yeye. Huyu wetu nilimvuta pembeni nikamuuliza, mwanangu, kazi imekushinda? Akacheka. Akasema, la bibi, mchungaji hakuwekwa alibebe kanisa lote mgongoni, amewekwa awaandae watu wote watumike. Nikamwambia fundi viatu hafundishi miguu kushona. Akayaandika maneno yangu kwenye daftari lake, na Alhamisi iliyofuata nasikia akawasomea wanafunzi wacheke.

2. Wagonjwa hawatoshi. Hapa Baba Askofu tulia usome taratibu. Kanisa letu lina wagonjwa watatu wa kudumu: kinyozi aliyevunjika mguu, mwalimu mstaafu mwenye presha, na fundi cherehani ambaye hatoki kitandani. Wahudumu ni kumi na wawili. Kwa hesabu ya darasa la nne, kila mgonjwa ana wahudumu wanne, na wote wana hamu. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Wao waliona manahodha wengi, hawakuona manahodha kumi na wawili na abiria watatu.

Kinyozi siku moja alitembelewa mara saba kabla ya saa sita mchana. Kila anayeingia anavuta kiti, anafungua daftari, anauliza, je, moyoni unajisikiaje? Kinyozi akasema moyo mzima, kilichovunjika ni mguu. Yule akaandika, mgonjwa anakwepa. Mwisho wa juma kinyozi alirudi dukani kwake akirukaruka na plasta yake, ili apate kupumzika. Wakamfuata. Wakakaa kwenye foleni. Kwa kuwa wamekaa kwenye foleni akawanyoa. Waliokwenda kufariji wakarudi vipara, na yule mhudumu tunayemwita Daftari akasimama Jumapili kutoa ushuhuda kwamba mgonjwa amepona. Mwalimu mstaafu naye sasa akisikia mlango unagongwa anajibu mwenyewe kwamba hayupo.

3. Jumapili sasa mlangoni wanasimama wapokeaji wanane. Nashikwa mkono mara nane, naulizwa hali mara nane, naambiwa karibu sana bibi kwenye kanisa ambalo nilisomba mchanga wa msingi wake kwa kichwa. Nikifika kwenye benchi mkono umechoka kuliko miguu.

Halafu juma lililopita mimbarini akapanda fundi bomba. Huyuhuyu aliyezibua sinki langu likaziba tena kesho yake. Akahubiri juu ya bomba lililoziba: kwamba maji yapo juu kwenye tangi, tele, na nyumba ina kiu, na kilichozuia ni kitu kidogo ambacho mwenye nyumba anaona aibu kukitoa. Watu walilia. Mimi sikulia, niliingiwa na kitu jichoni, macho yote mawili. Na mchungaji alikuwa wapi? Alikaa benchi moja na mimi, ubavuni kwangu, anasikiliza kama mtoto. Mchungaji amekaa katikati ya kondoo, Baba Askofu. Tena ananiazima leso.

4. La nne lilikuwa zito sana lakini limenitoka. Likirudi nitaliandika.

5. Kikapu. Hapa ndipo penyewe.

Kwa miaka thelathini na moja kikapu cha wagonjwa ninacho mimi. Ndani yake kuna sabuni, shuka safi moja, taulo dogo, kikombe na kitana cha meno mapana. Mtu akiugua naenda. Simuulizi moyoni anajisikiaje. Naingia, nasalimia, naosha vyombo vilivyolala, nabadilisha shuka, namchana nywele, na baada ya hapo ndipo naomba, kwa kifupi, kwa sababu mgonjwa amechoka na Mungu si kiziwi. Ndiyo maana watoto wananiita Bibi wa Kikapu. Wengine waliokwisha kuwa na watoto wao hawajui jina langu lingine.

Sasa mchungaji alikuja nyumbani, akakaa kwenye kigoda, akakataa chai mara mbili, nikajua ana jambo. Akasema, bibi, tafuta mtu mmoja umfundishe kikapu. Nikamwambia kikapu hakifundishwi. Mtu anazaliwa nacho au hana. Akasema basi kwa muda amepata wa kusaidia, naye ni mke wa mwanangu mkubwa.

Baba Askofu, huyo mkwe wangu naishi naye nyumba moja mwaka wa nane huu. Hana ubaya. Lakini shuka akikunja yeye unadhani amefunga mzigo wa kuhama. Na hasemi. Ukimwelekeza anakutazama tu, anaitika, abee mama, ndiyo mama, hujui limeingia au limepita. Nikamwambia mchungaji, huyu? Akanikumbusha kwamba hata yule nabii wa zamani aliyeongoza watu jangwani alishauriwa na mkwewe agawe kazi. Nikamjibu mkwe yule alikuwa mzee mwenye mifugo yake, wangu hata maharage yanamuungulia.

Najua kuna wanaosema kazi imenishinda. Wanasema goti langu limekwisha. Goti langu halihusiani na barua hii. Wanasema fundi cherehani anakaa ghorofa ya tatu, ngazi arobaini na nane, na mimi sijapanda kwake wiki tano. Huo ni uzushi. Ni wiki sita.

Fundi huyo ndiye aliyenishonea gauni la harusi, na la msiba wa mume wangu akanishonea usiku kucha bila kupima, kwa sababu alinijua mwili. Tangu alale kitandani nilikuwa nakwenda kwake kila Jumatatu. Jumatatu sita zilizopita nilifika ngazi ya kumi na tisa. Nikakaa hapo na kikapu changu mapajani, watu wakipita, nikawaambia nangojea mtu. Kisha nikashuka kwa makalio, moja moja, kama mtoto. Sikumwambia yeyote. Kikapu nikakiweka chini ya kitanda. Afadhali kikae pale kuliko kushikwa na mtu aliyesomea.

La nne limerudi. Ni hili: leo mchungaji anafundisha watu kazi yake, kesho watu watafundishwa kazi yako. Usicheke. Fundi bomba ana sauti nzuri, mabega mapana, na joho litamkaa. Siku hiyo utaletewa kadi ya shingoni na kuwekwa mlangoni uwe mpokeaji wa tisa.

Kwa hiyo naomba moja kati ya haya matatu:

Kwanza, mchungaji ahamishwe, tuletewe mmoja wa zamani, anayechoka mwenyewe.

Au, kama haiwezekani, tuazimwe wagonjwa ishirini kutoka makanisa mengine ambako hakuna masomo haya na watu bado wanaugua kwa utulivu. Tutawatunza na kuwarudisha.

Au, kama hilo nalo ni gumu, litolewe tangazo mimbarini kwamba kila mtu afanye kazi ya Mungu, isipokuwa kikapu.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, umwambie ile dawa ya kifua asiichanganye na maji baridi. Nisalimie dereva wako, apunguze honi. Nisalimie yule karani wa pale mapokezi aliyeniambia nikae nikangoja mpaka wakafunga, mwambie sina kinyongo, ila namkumbuka uso. Wasalimu na wachungaji wote walio chini yako, hasa wanaofanya kazi peke yao, na uwape pole.

Ni mimi ninayelalamika nikiwa na akili zangu timamu na miwani ya marehemu mume wangu,

Bibi wa Kikapu

Nyongeza, baada ya kutia saini:

Baba Askofu, nilikuwa nalamba bahasha, mkwe wangu akaingia kutoka kwa fundi cherehani. Kumbe amekuwa akipanda kila Jumatatu, hakusema, maana hasemi. Ameniletea maneno: fundi anasema nisihangaike, vyombo vinaoshwa kwanza, shuka linabadilishwa, nywele anachanwa kuanzia nchani kupanda juu ili asiumie, na sala ni fupi.

Kuanzia nchani. Hilo halimo kwenye madaftari yao, nimeyapekua.

Nikamuuliza, nani kakufundisha wewe? Akanitazama vilevile anavyonitazama siku zote. Akasema, ni wewe mama. Nilipojifungua nikawa siwezi kuinuka, wiki mbili. Ulinichana hivyo.

Nilikuwa nimesahau. Wakati ule sikuwa nafundisha mtu, nilikuwa namchana tu.

Basi ile habari ya kumhamisha mchungaji iache. Wagonjwa ishirini pia usituletee. Kikapu nimekitoa chini ya kitanda nikampa, na shuka nimemkunjia mbele yake mara tatu, ya tatu akaweza. Kuanzia Alhamisi nafundisha mimi kwenye kile chumba cha nyuma. Mchungaji amekubali kabla sijamaliza kumwambia. Wanafunzi waje na ndoo, madaftari yabaki nyumbani.

Na wale kumi na wawili nimewapatia mgonjwa wa kuwatosha. Jumatatu wananipandisha na kiti hadi ghorofa ya tatu, nikamwone fundi wangu. Wanne watabeba, wanne watawapokea kwenye ngazi ya kumi na tisa, na wanne watanyamaza. Hao wa mwisho ndio wenye huduma ngumu, nimemweka Daftari awaongoze.