Bomba la Jikoni na Kiti Changu

Tarehe 3, Jumatatu
Bomba la jikoni linavuja siku ya tisa leo. Mke wangu ametoa kauli: Ijumaa ikifika bado anasikia matone, anamwita kaka yake. Nimemwambia apoe, kazi ndogo hiyo. Kaka yake ni fundi bomba kweli, hilo silipingi. Lakini mara ya mwisho alikuja kutengeneza kitasa, akakaa wiki tatu, na wiki zote tatu alikalia kiti changu. Nyumba hii ina kiti kimoja tu chenye mto.

Tarehe 4, Jumanne
Nimelikaza bomba kwa spana. Mwanzo lilidondosha tone moja kila sekunde tatu. Sasa mawili. Spana nimeirudisha kabatini, tusijuane.

Tarehe 5, Jumatano
Nimegundua kinachomkera mke wangu si maji, ni sauti. Nimefunga uzi mdomoni mwa bomba, ukaning'inia hadi kwenye tundu la sinki. Tone linateleza kimyakimya. Mke wangu akatega sikio, akasema kumbe ameolewa na fundi bila kujua. Akauliza uzi wa nini. Nikamjibu ni sehemu ya matengenezo, usiguswe mpaka ukauke.

Tarehe 6, Alhamisi
Balaa. Amenisifia kwa jirani wa juu, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye bomba lake la bafuni nalo linavuja. Ananisubiri kesho saa nne asubuhi. Mke wangu ameshakubali kwa niaba yangu. Nimetafuta uzi mrefu zaidi.

Tarehe 7, Ijumaa
Mwalimu aliutazama uzi wangu kama daftari lisilo na jibu hata moja. Akasema, baba, huo mpelekee mkeo ashonee vifungo. Kimpira kipya cha ndani ya bomba anacho, na kinapokaa anapajua. Kilichomshinda ni kufungua, mikono haina nguvu. Nifunge maji kwanza.

Chini ya ngazi kuna koki mbili za kufungia maji, moja ya kwetu na moja ya mwalimu, hazina alama. Nikafunga ya kushoto, nikapanda, nikafungua bomba. Maji yakaruka hadi darini, yakamwogesha mwalimu na miwani yake. Kumbe ya kushoto ni ya kwetu. Wakati huo mke wangu alikuwa bafuni, povu kichwa kizima, maji yamekatika.

Niliporudisha maji nikamkuta jikoni, uzi mkononi, anasikiliza. To. To. To. Hakuinua sauti. Alipiga simu tu.

Tarehe 8, Jumamosi
Shemeji amefika na begi la vifaa. Na begi la nguo. Bomba la jikoni amelibadilisha kwa robo saa, akapanda kwa mwalimu, akarudi na sifa kibao. Sasa yuko kwenye kiti changu. Ameniambia, shemeji, wewe baki na cherehani, mabomba tuachie sisi. Anasema la bafuni kwetu nalo limechoka. Amenunua jipya, atalifunga kesho kutwa, ndipo aondoke.

Tarehe 9, Jumapili
Yeye na dada yake wamekwenda kumwona shangazi yao. Bomba jipya liko mezani, ndani ya boksi lake. Nikilifunga leo, shemeji hana sababu ya kulala hapa tena, na kiti kinarudi kwa mwenyewe.

Safari hii sikukurupuka. Nilishuka, nikasimama mbele ya zile koki mbili, nikatafakari. Ya kushoto iliniaibisha juzi, siigusi tena.

Nimefunga ya kulia. Spana iko wapi?