Kuku Safi, Kuku Mgonjwa

Jumatatu, 2 Juni 2025. Issuna.

Habari kubwa! Redio ya wilayani inatafuta msomaji wa kipindi cha jioni. Mwombaji arekodi maelezo ya chanjo ya kuku, aambatishe faili, atume kwa barua pepe. Jina liandikwe kwenye barua tu, lisitajwe kwenye rekodi. Yaani safari hii hakuna wa kuniambia pole baba, kazi hii inataka mwenye macho. Antipasi Mghenyi, wakati wako umefika.

Kompyuta ninayo. Ina programu inayonisomea kwa sauti kila kilichoandikwa. Naiita Mzungu, kwa sababu inasoma Kiswahili kama padri mgeni wiki yake ya kwanza. Ikitamka "Issuna", mke wangu Dorkas hunipa pole, akidhani nimepiga chafya.

Wa kumwogopa ni mmoja: Philipo. Haoni, kama mimi. Kompyuta tulifundishwa darasa moja. Ana sauti nzito. Wanasema ni kipaji. Hata fahali anayo.

Jumanne, 3 Juni

Siku ya kurekodi. Chumbani haikuwezekana, upepo wa Juni unapiga bati kama mwenye bifu nalo. Nikahamia stoo ya alizeti. Magunia yanameza mwangwi. Akili hiyo! Mzungu anasoma sentensi, namnyamazisha, nairudia kwa lugha ya binadamu. Jogoo alivumilia mpaka nilipotaja ugonjwa wa kideri, akawika. Nikarudia. Akawika. Nikamhukumu kifo. Dorkas akatengua hukumu.

Hatimaye nimepata rekodi safi kabisa. Nimeisikiliza mpaka Dorkas akauliza huyo mgeni anaondoka lini. Faili nimeliita "Kuku safi".

Jumatano, 4 Juni

Philipo kaja. Kompyuta yake imegoma kuwaka. Anaomba arekodi kwangu, kisha nimsaidie kuambatisha, maana hapo ndipo anapopotea kila mara. Nikakubali upesi mno. Dorkas akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Nilimkalisha Philipo juu ya gunia lililopasuka. Vumbi likafanya kazi yake. Alikohoa katikati, akaomba radhi, akaendelea hadi mwisho. Akatoka kunywa maji, akarudi, akataka turudie. Ya pili (naandika ukweli kwa kuwa hapa hasomi mtu) ilikuwa nzuri hata mbuzi nje walinyamaza.

Nimezihifadhi zote mbili. Nzuri nimeiita "Kuku mnene". Ya kikohozi, "Kuku mgonjwa". Atakayekwenda redioni ni mgonjwa.

Alhamisi, 5 Juni

Kutuma. Philipo kakaa ubavuni kwangu na chai yake. Tatizo: Mzungu hana siri. Kila faili ninalolifikia analitangaza. Hedifoni kaondoka nazo Dorkas kwenye mazoezi ya kwaya. "Kuku mgonjwa," akasema Mzungu, nyumba nzima ikasikia. Philipo akauliza kuku gani anaumwa. Nikasema wa jirani.

Nikashusha sauti ya Mzungu ikawa mnong'ono, nikaanza kuimba juu yake. Mshale chini, mshale juu, kwa kukisia. Kwanza kutoka anwani ya Philipo: ambatisha, tuma. Kisha yangu: ambatisha, tuma. Philipo alinishukuru mpaka nikaona aibu. Ilipita upesi.

Jumatatu, 9 Juni

Loyce, mtayarishaji wa kipindi, amepiga simu. Kwa Philipo! Kasifia sauti yake laini. Laini? Philipo mwenyewe alikuja mbio kunieleza, anacheka, anasema labda mitambo yao inachuja. Kaniomba nimsindikize redioni, Ikungi.

Alipoondoka nikafungua barua zilizotumwa. Mzungu akasoma kwa sauti kamili, bila huruma. Kutoka kwa Philipo: Kuku safi. Kutoka kwa Antipasi: Kuku mgonjwa.

Nimeshinda! Kwa jina la Philipo. Nikitaka ushindi wangu, lazima nieleze nilikuwa nafanya nini. Chakula cha jioni kimenishinda.

Jumatano, 11 Juni

Ikungi. Loyce kanipa shikamoo. Marahaba yangu niliitoa kwa sauti ya redio, huwezi jua.

Philipo akakaa kwenye kipaza sauti, akasoma.

"Mzee Philipo, samahani," akasema Loyce, "hii siyo sauti tuliyoipokea."

"Ni yangu!" Kinywa kilifunguka chenyewe.

Akauliza iliingiaje kwenye barua ya Philipo. Nikasema mtandao. Mtandao haujitetei. Basi, akasema, tusikilize iliyokuja kwa jina lako. Akaifungulia kwenye spika kubwa. Philipo anakohoa. "Wasikilizaji, samahani, alizeti imenisalimia," anaendelea bila kuyumba. Anamaliza, anatoka kunywa maji. Mlango unafungwa. Halafu sauti laini, matamshi safi:

"Hii ndiyo itakayokwenda. Kwaheri, Philipo."

Sikuwa nimezima.

"Antipasi," Philipo akasema taratibu, "lile gunia ulinipa makusudi?"

Nikamjibu kwamba sikulipasua mimi.

Loyce kamchagua Philipo. Kipindi kinakwenda hewani moja kwa moja, kasema, na anayekohoa akaendelea ndiye anayefaa. Kuhusu mimi kasema sauti ni nzuri. Akaishia hapo.

Tulipofika Issuna Philipo alishuka kwenye bajaji bila kunishika bega. Njia ile tumeipita tumeshikana tangu ujana. Nikasikia fimbo yake ikienda peke yake, tap, tap, mpaka ikapotea. Sikupenda kuisikia.

Ijumaa, 13 Juni

Philipo kaja! Kasema juzi alikuwa na hasira, jana akaikumbuka ile "Kwaheri, Philipo", akacheka mpaka mkewe akaingia kuangalia. Tumekunywa chai. Tena kaniombea kazi: nirekodi maoni ya wasikilizaji wa Issuna na kuyatuma redioni kila wiki. Amewaambia hakuna anayenizidi kuambatisha. Moyo wangu ukalainika. Nikaapa mbele ya Dorkas kwamba nimebadilika. Dorkas akasema sawa, Baba Janeth.

Jumanne, 17 Juni

Jana Philipo kasoma kwa mara ya kwanza. Kijiji kizima kiliganda kwenye redio. Amesoma vizuri. Vizuri kupita kiasi.

Leo nimekusanya maoni. Bibi mmoja analalamika kwamba sauti ile nzito imefanya kuku wake wasusie kutaga. Mfugaji mmoja anauliza yuko wapi yule msomaji wa sauti laini ambaye anasikia watu wakimsifia. Dorkas kagonga mlango wa stoo kuuliza kwa nini naongea kama mwanamke. Nimemwambia niko kazini.

Mfugaji ametoka vizuri. Bibi ana jazba kidogo. Nitamrudia baada ya chai.