Siku Niliyomtafsiria Akko Salamu

Watu wangu, leo nimeaibika. Tena kwetu, hapa mtaani Wabera, sebuleni, mbele ya nyanya.

Mnajua tangu likizo ianze nimekuwa nikijifundisha Kijerumani kwa simu. Video za dakika tano na nyimbo za watoto wa chekechea. (Ndiyo, naimba na katuni ya bata. Nina miaka kumi na sita. Endelea kusoma.) Mama haamini hata kidogo. Juzi aliniambia, "Halake, siku nikijua unanidanganya, hiyo simu inaingia kabatini mpaka umalize mtihani." Na mimi kwa mdomo wangu nikamjibu, "Mama, mimi sasa ni Mjerumani. Imebaki pasipoti tu."

Mungu alikuwa anasikiliza.

Leo saa nane mchana, mjomba Guyo, ambaye ni dereva wa wageni, akaingia na mwanamke mmoja Mjerumani aliyetaka kuonja chai ya maziwa ya ngamia. Mama akatabasamu lile tabasamu lake baya. "Hakuna Kiingereza leo. Halake atatafsiri."

Sasa, Akko. Akko ndiye nyanya yangu, na Akko hasalimii kwa mkato. Anauliza amani yako, amani ya watoto, ya ng'ombe, ya ngamia. Mvua imenyesha? Nyasi ziko? Kisima kina maji? Akamshika mgeni mkono, akashusha salamu kama dakika mbili hivi, kisha akanigeukia.

"Mwambie."

Nikasema, "Hallo. Wie geht's?"

Yaani, hujambo, habari gani. Basi.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo, Akko. Kijerumani ni lugha fupi." (Uongo. Kuna neno moja lilijaza skrini yangu yote.)

"Ngamia umewataja?"

"Nimewataja."

"Na mvua?"

"Mvua iko ndani ya ngamia, Akko."

Akaniangalia kama mtu anayeangalia maziwa yaliyotiwa maji. "Umekula salamu zangu. Zitoe."

Mama naye akaanza kuangalia mfuko wangu wa simu. Nikaliona kabati.

Ndugu zangu, nikafungulia bomba! Kila kitu kilichokuwa kichwani kikatoka. Nikahesabu moja mpaka kumi. Shida ni kwamba nambari nilizijua kwa wimbo, kwa hivyo nikaimba. Na wimbo una makofi, kwa hivyo nikapiga makofi. Nikataja rangi. Nikauliza stesheni ya treni iko wapi. Nikaagiza kilo moja ya viazi. Nikamalizia na sentensi ninayoijua kuliko zote, ya video ya nne: mbwa wangu ni mgonjwa.

Akko akafurahi sana. "Sasa huyo amesalimiwa!"

Lakini mgeni alikuwa ameacha kutabasamu. Akaweka kikombe chini, akanishika bega, akaniambia kitu kirefu, polepole, kwa huruma. Nilidaka neno moja tu: Hund. Mbwa. Na mimi shuleni nimezoea, usipoelewa, kubali.

"Ja," nikasema. "Ja, ja!"

Akainuka. Akaenda mpaka kwa gari, akarudi na begi. Akavaa glavu.

"Guyo, huyu anafanya nini?" mama akauliza.

Mjomba akamuuliza mgeni kwa Kiingereza, akasikiliza, halafu akacheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe ni daktari wa mifugo! Anasema Halake amemwomba amtibu mbwa wake. Anasema kijana ana uchungu mwingi mpaka anaimba."

"Mbwa?" Akko akashika kifua. "Mbwa yuko wapi kwa nyumba yangu?"

(Majirani walikuwa tayari wako getini. Wabera, ukikohoa, nyumba ya tatu wanakupa pole.)

Ikabidi nikiri. Nilikiri kwa Kiborana, Kiswahili na Kiingereza, zote bila kukwama hata mara moja. Mgeni alicheka mpaka akapangusa machozi na glavu. Mama hakucheka.

"Simu."

Nikaitoa. Kabla haijafika, Akko akainyakua. "Mwacheni! Nyinyi mnapita hapa na 'sasa, fiti', mnaenda. Huyu amesimama akamaliza salamu, na hata mifugo ameitaja, japo ni mbwa."

Mama akaenda kuongeza chai. Na kwa vile glavu zilikuwa zimeshavaliwa, mgeni akamtibu mbuzi wetu anayechechemea, akanywa chai kikombe cha tatu.

Hukumu ni hii: simu nimebaki nayo, lakini mgeni, mjomba akimtafsiria, amenirekodia salamu za Akko kwa Kijerumani, zote, na mvua, na nyasi, na ngamia. Jumamosi ijayo nazisema kwa kichwa, ama kabati.

Nyinyi mkitaka kucheka, tafadhali chekeni kwa Kijerumani. Hicho sitaelewa.