Pete za Vitunguu, Kibandani kwa Mama Salome

Jumatatu, 9 Juni

Mke wangu Asteria kaondoka asubuhi na mtoto kwenda Ushetu. Mama yake kaanguka bandani akipanga tumbaku, mguu umevimba. Kibanda cha chipsi kaniachia mimi. Mimi! Mwaka mzima hajaniruhusu kushika hata mwiko. Kisa ni wale kuku niliowapa dawa ya kuongeza mayai. Tusirudi huko.

Ufunguo aliushikilia kidogo kabla ya kuuachia. Akasema, "Baba Salome, ni viazi na mayai. Usiongeze kitu." Nikaapa. Jumamosi akirudi akute kibanda kimesimama na wateja wapo, ndipo ataniamini tena. Nalitaka hilo kuliko kitu chochote. Naliandika ili nisilisahau.

Mchana watu walinipita kama mti, wakavuka barabara kwenda kwa Masudi. Masudi anachoma kuku na kuwapungia watu koleo. Na mimi kanipungia. Dharau tupu.

Jumanne, 10 Juni

Nimeona kwenye simu. Pete za vitunguu! Unakata kitunguu mviringo, unazitenganisha pete, unazichovya kwenye uji wa ngano, unazigaragaza kwenye chenga za mkate, unakaanga. Ukiuma, hata jirani anasikia. Bugarama hakuna anayeuza kitu hicho. Masudi atafunga mwenyewe.

Ni kweli Asteria alisema nisiongeze kitu. Lakini hakusema nisipunguze viazi. Nimepunguza viazi, pakabaki nafasi.

Nimejaribu nyumbani. Pete nimeziosha nikaziingiza mafutani zikiwa na maji yake. Mafuta yakaruka mpaka ukutani, mengine mkononi kwangu. Uji nao ulikuwa mwepesi, ukabanduka na kukaangika peke yake, kitunguu kikabaki uchi. Nimekula yote mwenyewe kufuta ushahidi.

Jumatano, 11 Juni

Maendeleo. Nimezikausha pete kwa kitambaa, nikazipaka unga mkavu kwanza, halafu uji mzito wa baridi sana. Umeshika! Ila bila chenga za mkate zikipoa zinalegea kama sikio la mbuzi.

Edward wa dukani kanipa mikate yake ya juzi, nikaianika juu ya bati mpaka ikawa mikavu kabisa. Nikaitwanga kwenye kinu cha Asteria. Bega likagoma kabla bakuli halijajaa. Yeye hutwanga karanga kwenye kinu hichohicho huku anaimba. Sijui anafanyaje.

Nikakaa kivulini kupumzisha bega na kuwaza. Kila upande makarasha yananguruma yakisaga mawe ya dhahabu. Jiwe gumu linaingia, linatoka unga. Sembuse mkate!

Alhamisi, 12 Juni

Fredy, mwenye karasha, kasita. Kasema mashine yake tangu izaliwe haijaonja mkate. Nikamwambia basi leo itapumzika. Kaifuta kwa tambara, kwa juujuu, maana wenye viroba vya mawe walikuwa wanamhimiza. Mikate yangu ikaingia, zikatoka chenga laini, ndoo nzima, zinametameta kidogo. Nikadhani ni sukari ya mkate.

Jioni ya ajabu! Pete zimetoka za rangi ya dhahabu, na mlio wake! Kila anayeuma anageukiwa na wenzake. Foleni imefika barabarani. Masudi mwenyewe kavuka, kanunua, katafuna, akarudi kwenye kuku wake bila kupunga koleo. Ushindi.

Asteria kapiga simu kuuliza hali. Nikasema wateja ni wengi. Akauliza kama nimeongeza kitu. Nikasema mtandao unakatika.

Ijumaa, 13 Juni

Najuta.

Mama Rhoda ndiye anayeanzisha nyimbo kwenye kwaya yetu. Ndiye pia aliyemsihi Asteria asinifukuze wakati wa kuku. Leo kapita kunipongeza. Nikamchagulia pete kubwa kuliko zote, bure. Akanishukuru kwa Kisukuma, wabeja, akauma. Pakatoka mlio ambao haukuwa wa kitunguu.

Jino la mbele. La katikati. Alikitazama kipande kiganjani mwake, akakifunga kwenye pindo la khanga, akaenda zake bila kunilaumu. Bora angenitukana.

Mzee Magesa, mchimbaji wa siku nyingi, akachukua pete moja, akaitafuna polepole, akaitemea kiganjani. Akaigeuzageuza juani kama anavyofanya na mchanga kwenye karai. Akatangaza mbele ya wateja wote kwamba haya ni mawe, tena ni mawe ya duara la Bujiku, lile shimo la dhahabu, anayajua kwa ulimi. Hapo watu wakaanza kutema kwa pamoja.

Masudi kavuka barabara na ndoo ya maji ili watu wasukutue. Alifanya kwa wema tu. Hilo limeniuma kuliko kelele zote.

Jumamosi, 14 Juni

Asteria alijua kabla hajashuka kwenye basi. Wamemsimulia njiani watu ambao hata hawakuwapo.

Nilingoja ugomvi. Hakugomba. Akamlaza mtoto, akakunja mikono, akasugua masufuria yote, moja baada ya lingine. Alipomaliza akasema, "Meno ya watu, Baba Salome." Nikamwambia nilitaka tu aniamini tena. Akafuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa.

"Nilikuwa nimeshaanza," akasema.

Sijala chochote leo.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani tulikuwa na wageni kutoka Ushirombo. Mama Rhoda alisimama safu ya nyuma, khanga mdomoni. Wimbo wa mapokezi akauanzisha Zipora, chini mno, wanaume wa besi wakashindwa kuufuata, wakabaki wanapumua. Mwalimu wa kwaya hakuwatazama wao. Alinitazama mimi. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi sijafika hata miaka arobaini na wajukuu wamenijaa uani.

Baada ya ibada nikamfuata Mama Rhoda, nikamwamkia. Kaitikia marahaba ndani ya khanga, kanipigapiga begani kama mtoto aliyeanguka. Nimelia nyuma ya jiko la kanisa, machozi ya kweli. Nimeapa tena. Viazi na mayai mpaka nife.

Jumatatu, 16 Juni

Asteria kampeleka Mama Rhoda Kahama kwa daktari wa meno. Ufunguo hakunipa mkononi, kauweka mezani. Kasema, "Nakuachia kwa sababu sina mwingine. Nikirudi nikakukuta umekaa palepale, tutaanza upya." Nimeurudia moyoni asubuhi nzima huku namenya viazi. Tutaanza upya! Alisema tutaanza.

Na nimekaa. Viazi vimetoka vizuri. Watu wamerudi, kwanza kwa kuchungulia, kisha kwa kula. Hata Mzee Magesa kala sahani nzima bila kuichunguza juani. Akawa anasimulia habari za mjini, kwamba duara la Bujiku limetema dhahabu tangu wiki iliyopita, mawe yake watu wanayagombania kwa viroba.

Mwiko ukanidondoka.

Duara la Bujiku! Na ndoo ya chenga iko chini ya meza, karibu nusu, inametameta! Sikuitupa, namshukuru Mungu kwa uvivu wangu. Zile hazikuwa chenga za mkate, yalikuwa marudio safi kabisa, unga wa mawe ya dhahabu wa kuoshwa tu. Na hapa sifikirii nafsi yangu. Namfikiria Mama Rhoda. Huko Kahama watamwekea jino la kawaida, jeupe, la kila mtu. Mimi nitampa la dhahabu! Atasimama safu ya mbele akiimba, na Asteria atakuwa pembeni yake akiniangalia kama zamani.

Naandika haya nikiwa mwaloni, wanakooshea dhahabu, nangoja zamu yangu. Mbele yangu kuna wenye viroba tu, wanaitazama ndoo yangu na kuuliza mbona inanuka mkate. Kibanda nimekifunga kidogo. Waliokuwa kwenye foleni nimewaelekeza kwa Masudi ili wasikae na njaa.

Basi la kutoka Kahama limesimama njia panda sasa hivi. Bado mapema, itakuwa si lao. Kuna mwanamke kasimama mbele ya kibanda anatikisa kufuli, na mwingine kando yake kafunika mdomo kwa khanga. Kwa mbali huku watu wote wanafanana. Zamu yangu imefika.