Ombi la Kuinyima Familia Yangu Kibali cha Kambi

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Vibali vya Kambi za Baridi.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Assalaam alaykum, na pole na kazi. Naitwa Lulwa binti Ghanim, nina miaka kumi na mitano, na ninaandika nikiwa kwenye hema la wanawake, katika kambi yetu ya Sealine, jangwani kando ya bahari, ile yenye taa nyingi kuliko uwanja wa ndege. Naandika kwa sababu nikitaka kusema sauti haitoki. Shuleni nimefundishwa kulalamika kwa lugha mbili, Kiarabu na Kiingereza, na nimepata alama nzuri kwa zote. Nyumbani bado natafuta nafasi ya kutumia hata moja.

Kwa heshima zote naiomba Kamati yako isiipe familia yangu kibali cha kambi msimu ujao, wala msimu wowote baada ya huo. Sababu zangu ni hizi:

1. Ami Jabor, kaka mkubwa wa baba yangu na mkuu wa kambi, husema kila mwaka kwamba tunakuja jangwani ili tuukimbie mji. Mwaka huu tumeukimbia mji kwa malori manne. Tumeleta majokofu matatu, televisheni yenye upana wa mlango, zulia la majani ya plastiki ili mchanga usituguse miguu, na mashine ya kuchapia karatasi, ambayo Ami ameiweka kwenye hema la wanaume na hakuna ajuaye ni ya nini. Jana alisimama mlangoni, akavuta pumzi ndefu, akasema, "Hapa ndipo mtu anaporudi kwenye asili yake." Kisha akageuka: "Nani kagusa intaneti?" Nyumbani mjini amebaki paka peke yake. Naamini yeye ndiye aliyepata likizo.

2. Baridi. Tunaingoja mwaka mzima, na ikija tu tunaipiga vita. Juzi hita sita ziliwashwa hema la wanaume mpaka wakaanza kuvua vilemba, ndipo Ami akaamuru kiyoyozi nacho kiwashwe. Vyote vinakula umeme wa jenereta moja, na jenereta hiyo iko nyuma ya kitanda changu. Hili ningeweza kulivumilia.

3. Hili siwezi. Katika kambi yetu msichana huendesha pikipiki ya magurudumu manne mpaka atimize miaka kumi na miwili. Baada ya hapo anaambiwa amekua, na zawadi ya kukua ni kupewa simu awarekodi wengine. Binamu yangu Nayef, mwana wa Ami, ana miaka kumi na mitatu. Msimu huu ameanguka mara nne, na kila akianguka anapongezwa. "Mwanamume huyo!" wanasema, huku wakimng'oa mchangani kama karoti. Mimi nimerekodi video mia mbili na kumi na sionekani hata kwenye moja, isipokuwa kidole gumba. Nilipomwomba baba ruhusa ya kukipanda kilima kikubwa cha mchanga kilicho mbele ya kambi, mara moja tu, alisema, "Kamuulize ami yako." Kumuuliza Ami maana yake ni kulivuka hema lenye wanaume ishirini na birika nne za kahawa. Sikwenda.

4. Ijumaa baada ya chakula cha mchana, Ami alirudi kutoka mjini akawakuta majirani wa kambi ya pili wameketi nje na chai yao, wanakitazama kilima hicho hicho. Kutazama kwao kulimuudhi. Akaamua kukipanda palepale, kwa gari lake jeupe, tairi zikiwa ngumu kama zilivyotoka kwenye lami. Mheshimiwa, hapa hata mtoto anajua kwamba kabla ya kuingia mchangani unapunguza upepo, tairi itandae, ikanyage kama mguu wa ngamia. Mimi ndiye ninayeshika geji ya upepo na kuandika namba, kwa hiyo nilijua kwamba za Ami hazijaguswa. Nikamwendea dirishani. Nikasema, "Ami, tairi." Akasema, "Sogea binti yangu, vumbi litakuingia machoni."

Alifika nusu. Gari likazama mpaka milangoni. Wakaja wataalamu. Mmoja akasema injini imechoka, mwingine akasema ni kijicho cha majirani. Ami mwenyewe akashuka, akachota mchanga, akaunusa, akatangaza: "Mchanga wa mwaka huu si mchanga wa kweli." Gari la baba likaenda kulivuta, likazama. Gari la majirani likaja kwa furaha isiyofichika, nalo likazama. Wakabaki wanatazamana, magari matatu na wanaume kumi na mmoja, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinama kwenye tairi, maana kuinama ni kukiri.

5. Nikamnong'oneza Bibi Shamma, mama yake Ami, aliyekuwa ameketi kwenye kiti chake mlangoni mwa hema. Bibi akapaza ile sauti ambayo Mungu alimpa yeye akaninyima mimi: "Jabor! Toa upepo kwenye tairi, we mtoto! Mpaka nife ndipo ujue kuendesha?" Wakatoa. Baada ya dakika kumi magari yote yalikuwa yametoka, yako chini ya kilima.

Jioni, kwenye sinia la machbous, wali wetu wa nyama, Ami alitueleza kwamba alizama makusudi ili vijana wajifunze. Kila mtu akamsifu Bibi. "Mama huyu anajua magari, wallahi!" Bibi akaendelea kula wali wake. Nayef, sijui kwa wema au kwa uchokozi, akasema, "Baba, ni Lulwa aliyemwambia. Mpe na yeye zamu ya kilima." Ami akacheka mpaka akapaliwa. "Lulwa? Lulwa akitazamwa na paka anaomba samahani! Kile kilima kinataka moyo, jamani."

Hema zima likacheka. Na mimi nilicheka, Mheshimiwa. Nilicheka kuliko wote, na nikampitishia maji asipaliwe tena. Hilo ndilo lalamiko langu kubwa, na sijui kama Kamati yako ina fomu yake.

6. Kwa hiyo naomba:

(a) kibali kisitolewe;
(b) Ami aking'ang'ania, kilima kihamishwe;
(c) ikiwa hakihamishiki, kitangazwe kuwa hifadhi ya wanyama (nimemwona mjusi mmoja, na anaonekana yuko tayari kutoa ushirikiano);
(d) ikiwa mjusi atakataa, ahamishwe Ami.

Naambatisha ushahidi: video ya dakika arobaini na tatu, kuanzia tairi zinapozama mpaka Bibi anapopaza sauti. Sijamwonyesha mtu yeyote. Nimejionyesha mwenyewe tu, mara kadhaa.

Wasalimie wajumbe wote wa Kamati na watu wa nyumbani kwao. Msalimie pia yule mkaguzi wenu aliyekuja na daftari, aliyetikisa kikombe mara tatu kuonyesha kwamba kahawa imemtosha, na Ami akajifanya haoni, akaendelea kumimina. Natumaini sasa anapata usingizi.

Mimi, katika mateso ya starehe,

Lulwa

Nyongeza, kwa mkono:

Mheshimiwa, mashine ya kuchapia, kama nilivyosema, iko hema la wanaume. Nilibonyeza "chapisha" kwenye simu nikiwa huku, barua ikatokea kule, ikaanguka miguuni mwa Ami. Aliisoma yote. Nayef anasema alipofika kwenye dakika arobaini na tatu alitafuta mto akaketi. Halafu akaja mlangoni kwetu, akakohoa, akanipa ufunguo wa pikipiki ya Nayef. "Kesho asubuhi," akasema. "Upepo upime mwenyewe. Mimi mambo hayo siyajui." Akaondoka bila kunitazama.

Leo asubuhi nilipima upepo. Nilifunga helmeti. Nilipanda vizuri kabisa mpaka nusu, muulizeni Bibi. Hapo nikageuka, kidogo tu, nione kama Ami ananitazama. Mkono ukalegea kwenye mafuta, na pikipiki ikazama mpaka kwenye kiti. Chini walikuwa wamesimama familia nzima na majirani na chai yao, na Ami ameinua simu, anarekodi. Nikasikia mtu anapiga kelele, sauti kubwa mpaka kambi ya tatu wakatoka nje: "Mchanga wa mwaka huu si mchanga wa kweli!"

Ilikuwa sauti yangu.

Kwa hiyo naomba uyafute yote ya hapo juu. Kibali kitolewe, na kama sheria inaruhusu kiongezwe wiki mbili, kwa kuwa nina jambo na kile kilima na halijaisha. Kisihamishwe hata hatua moja. Mjusi anaweza kubaki. Na ile video tafadhali usiifungue. Ami naye sasa anayo yake, na tumekubaliana.