Waathirika wa Godoro la Pumziko

Jumatatu, 3 Novemba

Leo maisha yangu yamebadilika. Nilikuwa mezani kwangu, nje ya gereji, nasubiri wateja wa barua. Hawakuja. Hawaji tangu Maxime afungue duka lake la fotokopi mlango wa pili. Yeye ana kompyuta. Mimi nina mashine ya kuchapa, na nina akili.

Redio ya gereji ikatangaza: kuna mswada. Watu wengi waliodhuriwa na kitu kimoja wataweza kufungua kesi moja. Moja! Si kila mtu na karatasi zake, foleni yake, jasho lake. Wanaiita kesi ya pamoja. Tume ya wanasheria itasikiliza maoni ya raia tarehe 13. Na kila kundi litakuwa na mwakilishi mmoja.

Mwakilishi! Nimeliandika neno hilo kwenye kiganja ili nisilisahau. Nchi inatafuta wawakilishi, na mimi, Gaspard, nipo hapa mtaani Buyenzi, sina kazi, nina tai mbili.

Shida ndogo: sina kundi. Sina hata mtu mmoja aliyedhuriwa. Mke wangu, Christa, ameuliza kama mwakilishi anaweza pia kuteka maji, maana mapipa ni matupu. Nimeteka. Ila kwa heshima ya mwakilishi.

Jumanne, 4 Novemba

Nimepata! Mama mmoja wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, jina lake Mawazo, anayeuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, mwisho wa barabara yetu, alipita amejikunja kama mtu anayetafuta sindano chini. Nikamuuliza ana nini. Godoro, akasema. Aina ya Pumziko. Alilinunua Agosti, kwenye lile lori lenye spika lililozunguka mitaani likiahidi garanti ya miaka kumi. Baada ya wiki tano, shimo katikati. Yeye na binti zake wawili wanalala kila mmoja mahali pake na kuamka wote watatu shimoni.

Alikwenda kiwandani kulalamika. Mlinzi akamwambia: "Ni we tu. Wengine wote wanafurahi."

Nikauliza jirani. Pumziko. Shimo. Alikwenda kiwandani. Akaambiwa ni yeye tu. Nikauliza fundi wa breki. Pumziko, shimo, ni wewe tu. Nusu ya mtaa inatembea imeshika kiuno! Miezi hii yote nilidhani ni uzee.

Hadi saa kumi na moja nina majina kumi na moja. Nimevaa tai ya bluu.

Jumatano, 5 Novemba

Nimekwenda mahakamani kuifungua kesi ya pamoja. Karani alinisikiliza vizuri, akamaliza chai, akasema haipo. Sheria ya sasa: kila mtu kesi yake, na ada yake. Nikamwambia ada inashinda bei ya godoro. Akasema ndiyo, ndiyo maana watu wa magodoro hawaji.

Lakini kwenye korido! Mwanamke kijana, kanzu ya uwakili mkononi, amesikia yote. Ni wakili, Maître Fabiola. Ni mmoja wa walioupigania mswada huo. Alisema kwamba kila anapokwenda mbele ya tume anaulizwa hao watu wengi wako wapi, na yeye ana vitabu tu. Anahitaji watu halisi, waliodhuriwa kweli. Akauliza mimi nina wangapi.

Nikasema arobaini na watatu.

Sijui namba hiyo ilitoka wapi. Ilitoka tu.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimegonga milango tangu asubuhi. Kumbe Maxime naye! Ameweka karatasi dukani kwake, ndani ya plastiki: WENYE MAGODORO YA PUMZIKO, JIANDIKISHENI HAPA. Amepiga na mistari. Watu wanapenda mistari. Nikamwendea na kumwambia orodha yake haina nguvu kisheria. Akajibu kwamba yangu haina hata nambari za simu.

Watu wakajiandikisha kwake, wakaja kujiandikisha kwangu, kwa usalama. Mwishowe Mawazo akazichukua orodha zote mbili, akakaa juu ya ndoo yake na kusoma majina kwa sauti. Akafuta waliojirudia. Akafuta watu watatu ambao hawakuwahi kununua godoro lolote, akiwemo shemeji yangu, aliyeshangaa kusikia jina lake.

Waliobaki: arobaini na watatu. Nilisema ukweli bila kujua! Nimemwambia Christa hicho ni kipaji. Akasema ni bahati, na kwamba mapipa ni matupu tena.

Ijumaa, 7 Novemba

Maître Fabiola amekuja. Amepita nyumba kwa nyumba na rula ya chuma. Mwenye godoro anasimama, rula inaingia shimoni, picha inapigwa. Jina, tarehe, kina. Nimembebea rula. Kitanda cha Mawazo alikipima mara mbili.

Akiondoka, akanitupia bomu. Mwakilishi lazima naye awe amedhuriwa. Hawezi kutoka nje ya kundi. Akauliza godoro langu liko wapi.

Nikasema liko nyumbani, lina hali mbaya sana.

Nyumbani tuna godoro la harusi yetu. Halina kosa lolote. Alilishona mama mkwe.

Jumamosi, 8 Novemba

Saa mbili asubuhi nilikuwa Mutanga Nord, kwa muuzaji mmoja aliyebakiwa na Pumziko moja. Nimelinunua. Nimelibeba kichwani. Nimelirukia. Nimemwomba Christa alirukie, akakataa. Nimeazima injini ya pikipiki kwa mafundi, nikailaza katikati kwa masaa matatu.

Hakuna kitu! Gumu kama benchi la kanisa! Nikalala juu yake dakika mbili, kupima tu. Niliamka saa nane mchana. Sijawahi kulala hivyo tangu nilipobatizwa. Kiwanda kile kimetengeneza godoro moja zima katika historia yake, na ninalo mimi.

Lakini akili haikunitupa. Nikatangaza kwamba magodoro yote yaletwe uani kwangu, yawe ushahidi, tuyapeleke yote pamoja ukumbini, mbele ya tume. Katika rundo la magodoro, nani ataliona langu? Maxime akasema hakuna aliyeomba ushahidi huo. Mawazo akauliza mvua je. Nikamwambia nimeshaangalia mbingu.

Yamekuja yote. Watu wamerudi kwao kulala kwenye mikeka. Wananiamini!

Jumapili, 9 Novemba

Ilianza kunyesha katikati ya mahubiri. Padri aliongeza sauti kushinda mabati. Nilisali kwa bidii hadi watu wa benchi la mbele wakageuka.

Magodoro arobaini na manne uani, pamoja na langu. Godoro lililolowa lina uzito wa ng'ombe. Tulijaribu kuyainua, mimi na Christa. Tuliinua moja.

Watu wakaja. Nilitarajia matusi, ningeyajibu. Kila mmoja akatafuta godoro lake. Mawazo aliweka mkono juu ya godoro lake, akalikamua, maji yakanimwagikia kiatuni.

"Gaspard," akasema, "tulikuwa na magodoro mabaya. Sasa hata mabaya hatuna."

Sikula.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimekwenda Kinanira, ofisini kwa Maître Fabiola, kuungama kuhusu mvua. Hakukasirika! Alisema picha na vipimo vinatosha, ushahidi uko salama. Nikaanza kupumua.

Halafu akauliza kama ni kweli godoro langu nimelinunua juzi. Maxime! Nilimpa risiti anitolee fotokopi, na tarehe iko juu, kubwa kabisa.

Nikasema ndiyo.

Alinieleza taratibu, kama mwalimu. Mtu wa kiwanda akiligundua hilo, atasema kundi zima ni la uongo. Watu arobaini na watatu watafukuzwa kwa sababu ya mmoja. Kwa hiyo mwakilishi atakuwa Mawazo, kama yeye na wenzake watakubali.

Nimerudi kwa miguu. Nilidhani nitawaza jinsi ya kumlipiza Maxime. Niliwaza mkono ule ukikamua godoro. Kitu hicho kinauma, sikujua.

Jumatano, 12 Novemba

Wote wamemkubali Mawazo. Sawa. Mwakilishi anahitaji hotuba, na nani ataiandika? Nimeandika kurasa tisa. Inaanzia kwa Warumi. Nilimsomea wakati akipanga ndagala. Alisikiliza hadi ukurasa wa pili, akauliza kwa adabu kama kurasa hizo anaweza kufungia samaki.

Maxime alizitoa fotokopi kurasa zote tisa bila kuniomba kitu. Sijui ni wema au dharau. Nimemsalimia nusu.

Alhamisi, 13 Novemba

Naandika kabla ya kuvua tai.

Ukumbi ulijaa. Mezani wanasheria saba wa tume. Mbele, mjumbe wa kiwanda, suti ya kijivu. Alianza yeye. Akasema kesi za pamoja zitaharibu biashara kwa ajili ya watu wachache wenye hasira. Kuhusu godoro la Pumziko, akasema, malalamiko ni ya mtu mmoja au wawili.

Wakamwita mwakilishi wetu. Mawazo akasimama. Kurasa tisa alikuwa nazo mkononi, zimekunjwa. Hakuzifungua. Akatugeukia sisi.

"Wote mulioambiwa ni we tu, musimame."

Viti vikalia ukumbi mzima. Wakasimama wote. Fundi wa breki, akishika kiuno. Wazee. Mwanamke mmoja na mtoto mgongoni. Na mimi nilisimama, miguu yenyewe ilisimama. Christa akanivuta koti, nikakaa.

Mawazo akawageukia wakubwa.

"Wazee wangu, mi sijue sheria. Mi najua mugongo yangu. Nilienda kule peke yangu, wakaniambia ni mi tu, nikarudi na haya usoni. Nikafikiri labda ni mi ndiye sijui kulala. Huyu naye alifikiri hivyo. Yule naye. Mukituambia kila mutu aende na kesi yake, ni kama munatuambia tusiende."

Akakaa.

Mwenyekiti wa tume akamuuliza mjumbe kama hao ndio mmoja au wawili. Ukumbi ulicheka, hata karani wa tume. Kisha mwenyekiti akasema kifungu cha kesi ya pamoja kitabaki kwenye maandishi yanayokwenda kwa wabunge, na dosye, yaani faili, ya magodoro iambatanishwe nacho. Maître Fabiola aliinamisha uso kwenye karatasi zake muda mrefu.

Nje, mjumbe akatufuata mbio. Kiwanda kitabadilisha magodoro yote arobaini na matatu, bila kusubiri sheria. Maître Fabiola akamtaka aandike hapo hapo na kutia sahihi. Hakukuwa na karatasi. Mawazo akatoa hotuba yangu. Ahadi imeandikwa nyuma ya ukurasa wa kwanza, nyuma ya Warumi!

Nimelia kidogo. Maxime ameniona. Naye alikuwa analia.

Ijumaa, 14 Novemba

Mtaa mzima unasalimiana kama Krismasi. Maître Fabiola alipita kutuonya tusishangilie mno. Wabunge wanaweza kukibadilisha kifungu, wanaweza kukichelewesha. Lakini alisema kwa miaka yote hajaona tume iliyoamka hivyo. Ameomba picha na kundi. Mawazo alinisukuma nisimame katikati, kwa sababu milango niliigonga mimi. Katikati kabisa. Mimi!

Jumatatu, 17 Novemba

Nimeitwa kwa chefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu. Nilivaa tai nyekundu, nikidhani ni pongezi.

Ni mashtaka! Dhidi yangu! Kwa mvua ya Jumapili na siku zote za mikeka. Barua moja, majina arobaini na matatu, mwakilishi mmoja, Mawazo. Maxime ndiye aliyechapa. Bunge halijapitisha kitu, na Buyenzi tayari tunaitumia kesi ya pamoja!

Wanadai jambo moja: lori la magodoro mapya likifika Jumamosi, niyabebe mimi, kichwani, hadi kila nyumba. Chefu akauliza nina la kujibu. Nilisema kwamba barua imeandikwa vizuri sana, kwa kundi changa. Mawazo alicheka hadi akashika mgongo. Nimekubali kubeba. Lake nitaanza nalo.

Lakini nimefika nyumbani, nimeisoma upya nakala yangu, na nimegundua kosa kubwa. Majina ni arobaini na matatu. Jina langu halimo! Na godoro langu je? Lililowa mvua ile ile, uani pale pale, kwa uzembe wa mtu yule yule. Limekauka na shimo katikati. Nimelipima kwa rula. Shimo langu limepita la Mawazo!

Nimemwandikia chefu sasa hivi, nakala kwa Maître Fabiola, naomba kuingia kwenye kundi. Na kwa kuwa Mawazo ana biashara yake ya kushughulikia, nimejitolea kuwa mwakilishi. Nimedhuriwa kweli, ushahidi ninao, na hakuna katika kundi lile anayemfahamu mshtakiwa kama ninavyomfahamu mimi. Hana hata pa kuponea.

Kesho asubuhi naenda kuchongesha muhuri wa mwakilishi.